Uzi: Ford, leteni Focus ST ya dizeli Australia

#1 Mtanga wa Shepparton, Machi 2015

Wakuu, salamu kwenu popote mlipo.

Kuna jambo limenikaa moyoni tangu Juni mwaka jana, Ford walipoitoa hadharani Focus ST ya dizeli, yaani ile Focus yao ya kasi, kwenye tamasha la magari la Goodwood, Uingereza. Ulaya imeshaanza kuingia mtaani. Huku Australia ST tunayouziwa ni ya petroli peke yake. Naona tunanyimwa gari linaloifaa nchi hii kuliko hata huko linakotengenezwa, na nimeshusha uzi huu niseme kwa nini.

Mimi ni muuguzi. Nakaa kaskazini mwa Melbourne, kazi iko Shepparton, kilomita kama 180 kwenda na nyingine kama hizo kurudi. Natoka mara tatu kwa wiki, wiki nyingine nne. Piga hesabu mwenyewe: kilomita elfu na ushee kila wiki kabla sijaenda hata sokoni. Siku nikipangiwa Benalla naingia Midland Highway, njia moja ya kwenda na moja ya kurudi.

Hapo ndipo utakapoijua injini yako. Mbele kuna lori la trela mbili limejaa matunda, linakwenda 90. Ruhusa yako ni 100. Nyuma ya ile trela ya pili huoni kitu zaidi ya vumbi na taa nyekundu. Barabara ikinyooka unapata sekunde chache tu za kuovateki. Gari langu la sasa ni petroli isiyo na turbo: natoka gia ya tano naingia ya nne, naingia ya tatu, injini inapiga kelele, na bado moyoni nahesabu kama nitawahi. Msimu wa baridi, saa kumi na mbili asubuhi, ukungu umelala kwenye mashamba, nimekesha zamu nzima, hiyo hesabu siipendi hata kidogo.

Dizeli yenye turbo inakutoa pale bila purukushani. Uko gia ya nne, mizunguko 2,000, unakanyaga, inaondoka. Nguvu imeshakusubiri chini kabisa, huhitaji injini ipande juu kuitafuta.

Sasa namba zenyewe. ST ya dizeli ina injini ya lita 2.0, kilowati 136, na nguvu ya kuvuta Nm 400. Ya petroli ina kilowati 184 na Nm 360. Kutoka kusimama hadi 100 petroli inatumia sekunde 6.5, dizeli sekunde 8.1. Najua kuna watakaoishia kwenye hiyo 8.1 na kuufunga uzi. Lakini mimi sikumbuki ni lini mara ya mwisho niliondoka kwenye taa kwa mguu wote. Kila siku ninachofanya ni kutoka 85 kufika 100 pembeni ya lori. Halafu mafuta: kiwanda kinasema lita 4.2 kwa kilomita 100. Namba za kiwanda hazifikiwi, basi tuseme 5.5. Melbourne hadi Sydney ni kilomita kama 880. Hizo ni lita 48. Unajaza tangi mara moja tu.

Na hii siyo Focus ya kawaida iliyobandikwa nembo. Ina chasi ileile iliyokazwa, viti vilevile vya Recaro vinavyokushika mbavuni, gia sita za mkono. Ni hachibaki ya milango mitano: mtoto nyuma, mizigo kwenye buti, na kwenye kona bado inakwenda kama inavyotakiwa.

Mtu atasema gharama za kuileta. Hebu tuangalie. Usukani wa kulia upo tayari, maana Waingereza wanaendesha kushoto kama sisi. ST za petroli zinazouzwa hapa zinatoka Saarlouis, Ujerumani, na za dizeli zinatoka hukohuko. Injini nayo si ngeni: Ford Mondeo mpya inayoingia Australia mwaka huu inakuja na dizeli ya lita 2.0 yenye kilowati 132 na Nm 400. Ni ukoo mmoja. Vipuri, mafundi na vifaa vya kupimia watakuwa navyo kwa ajili ya Mondeo hata ST isipokuja. Kilichobaki ni uamuzi.

Karibuni.


#2 Fundi Gerezani

Mtanga, uzi mzuri. Mimi niko Dar, magari ya dizeli ndiyo yanayonilisha, kwa hiyo siyasemi vibaya. Ila umelisahau chujio la masizi. Lile chujio linajaa, na ili lijichome lenyewe linataka gari likimbie barabara ndefu, bomba lipate moto. Mtu anayelinunua kwa safari za sokoni na shuleni litamfia mkononi. Mwezi jana nimefungua moja hapa, limejaa masizi meusi kama chungu cha ubwabwa wa shughuli. Mwenye gari anatoka nyumbani mpaka ofisini kilomita nne, kila siku, mwaka mzima.

Swali langu: dizeli ya huko ina salfa kiasi gani? Huku ndiyo kwanza mwaka huu tumeshushwa hadi ppm 50, yaani sehemu 50 kwa milioni.


#3 Mtanga wa Shepparton

Shikamoo fundi. Dizeli ya huku kwa sheria haizidi ppm 10 tangu mwanzo wa 2009. La kushangaza ni kwamba petroli ndiyo chafu: ile ya kawaida ya oktani 91 inaruhusiwa hadi ppm 150, na ya 95 hadi 50. Dizeli ya hapa ni ya kiwango kilekile cha Ulaya, kwa hiyo kwa upande wa mafuta injini hiyo inakuja nyumbani.

La chujio umesema kweli tupu. Muuzaji amuulize mteja kwanza anakwenda wapi kila siku. Akisema kilomita nne, amwonyeshe ya petroli.


#4 Mkenya wa Perth

Mzee, nakubaliana na wewe kuhusu barabara. Huku kwetu ukienda Kalgoorlie ni karibu kilomita 600, na ukivuka Nullarbor kuna mstari mmoja kati ya Balladonia na Caiguna wa kilomita 146 usio na kona hata moja. Lakini tusijidanganye kuhusu wanunuzi.

Mazda walijaribu. Mwaka jana wameleta Mazda3 XD Astina, dizeli ya lita 2.2, kilowati 129, Nm 420. Kilowati ni chache kidogo, ila nguvu ya kuvuta inaipita hiyo Ford yako. Jiulize ni ngapi umeziona barabarani. Mimi nimeona moja, tena kwenye yadi ya muuzaji. Volkswagen walileta Golf GTD ya kizazi cha sita, kilowati 125, na kizazi cha saba kilipotoka na kilowati 135 wakaiacha Ulaya. Hao ni watu wanaoijua dizeli kuliko yeyote. Kwa nini waliiacha?

Kwa sababu mnunuzi wa hachibaki ya kasi hapa anataka mlio na kasi ya kwenye taa. Akiwa na dola elfu 38 na ushee mkononi, umpe kilowati 184 na umpe 136 kwa bei ileile, atachukua ipi? Halafu kampuni ilipie vibali vya kanuni za usalama za nchi hii, ivipange vipuri, iwafundishe wauzaji, yote kwa ajili ya magari machache. Mhasibu hatasaini.

Na Ulaya dizeli inabebwa na kodi. Hapa hakuna kitu cha namna hiyo.


#5 Mtanga wa Shepparton

Kaka, kwenye kodi umenipiga na nakubali. Ujerumani lita ya dizeli inatozwa senti 47 za euro, petroli senti 65. Huku ushuru ni mmoja kwa zote mbili, senti 38 na vijisenti. Nafuu yetu inatoka kwenye ulaji mdogo tu, na kwenye kukwepa petroli ya oktani 98 ambayo wenye ST huwa wanaijaza. Kwa mtu wa kilomita elfu 10 kwa mwaka hiyo si kitu. Kwa mtu wa elfu 50 ni ada ya shule.

Lakini mfano wa Mazda siukubali. Ile waliipandisha hadi kama dola elfu 40, wakaijaza ngozi na vikorombwezo, na hawakumwambia mtu ni gari la namna gani. Haina jina la mchezo, haina historia ya mchezo. ST inalo jina. Na mbona hukuitaja Skoda? Octavia RS ya dizeli, kilowati 135 na Nm 380, inauzwa hapahapa Australia. Imeingia na kizazi kilichopita, na cha sasa wakaileta tena. Wakala wa Skoda ni mdogo mara nyingi kuliko wa Ford. Kama yeye ameweza kuibeba miaka yote hii, Ford anashindwaje?

Ninachoomba si maelfu ya magari yapangwe yadini yakipigwa jua. Waichukue kwa oda. Mteja atoe arubuni, asubiri miezi minne au mitano, gari lije na meli ileile inayobeba ST za petroli. Asiyeitaka hatalazimishwa.


#6 Dada wa Dandenong

Samahani kaka, mimi si mtaalamu wa magari. Kwani huwezi kuiagiza mwenyewe Uingereza? Nyumbani tunaagiza Japani kwenye simu, gari linashuka bandarini, unalipa ushuru, unaondoka nalo. Baba yangu Mombasa amefanya hivyo mara mbili, sharti kubwa ni lisizidi miaka minane.


#7 Mtanga wa Shepparton

Dada, huku mlango huo umefungwa kwa komeo mbili. Ukitaka kuja na gari lako mwenyewe, lazima uwe umeishi nalo nje kwa miezi 12, unalimiliki na unalitumia. Njia ya pili ni kupitia karakana zilizosajiliwa, na gari lenyewe liwe kwenye orodha maalumu ya wapenzi wa magari, ambayo Focus ya kawaida kama hii haiingii kirahisi. Ndiyo maana nalalamika kwa kampuni. Kwa Dar ningeshaagiza nikakaa kimya.


#8 Kivu Toowoomba

Ndugu zangu, mimi naendesha lori huku Queensland. Watu wanasema Mwaustralia haipendi dizeli. Si kweli. Simama sheli yoyote asubuhi uhesabu pikapu za HiLux na Ranger zinazojaza dizeli. Wanaiamini dizeli kuliko mke wa jirani anavyoamini nabii wake. Ila wanaiweka kwenye kichwa kama kitu cha kazi: viatu vyenye udongo, mbwa nyuma, trela. Kazi ya Ford ni kumwonyesha huyo mwenye Ranger kwamba mke wake au kijana wake anaweza kupata nguvu ileile kwenye gari dogo.

Jambo moja dogo ila la kweli: pampu za dizeli za huku ni chafu. Mpini una mafuta, sakafu inateleza, glavu za plastiki zimeisha tangu jana. Mtu aliyevaa suti ya ofisini akishika ule mpini mara moja, harufu anaibeba mpaka mkutanoni. Nimewaona wanavyoshika kwa karatasi. Hilo nalo linaua dizeli ya gari dogo.


#9 Mtanga wa Shepparton, Oktoba 2015

Wakuu, nimekaa kimya wiki kadhaa kwa sababu sikujua niandike nini.

Mmesikia wote. Septemba 18 mamlaka ya mazingira ya Marekani iliitangazia dunia kwamba Volkswagen waliweka kwenye injini zao za dizeli programu inayojua gari linapopimwa. Likiwa kwenye mashine ya kupimia linasafisha moshi, likitoka barabarani linaacha. Magari milioni 11 dunia nzima. Siyo Ford, na siwezi kumbebesha Ford kosa la mwingine. Lakini uzi huu niliuandika nikiisifu dizeli ndogo kwa moyo wote, kwa hiyo nina deni la kusema.

Mimi ni muuguzi. Tangu Juni 2012 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliuweka moshi wa dizeli kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Nilikuwa nalijua hilo nilipoandika Machi. Nilijiambia kwamba machujio na vipimo vimeshalimaliza tatizo, kwa sababu karatasi ya kiwanda ilisema hivyo. Juzi usiku wodini nilimshikia kinyago cha dawa mtoto wa miaka sita mwenye pumu, kifua kinapanda na kushuka, mbavu zinaonekana, mama yake amekaa pembeni hasemi. Sijui nini kilimchokoza, huku chavua peke yake inatosha. Lakini nikiwa nimeshika kile kinyago nilizikumbuka zile namba nilizozishusha hapa kwa furaha, na sikuona hata moja ya kinachotoka nyuma ya gari.

Kwa hiyo ombi langu nalibadilisha. Australia kwa sasa sheria inadai kiwango cha Euro 5, ambacho kwa dizeli kinaruhusu miligramu 180 za oksidi za nitrojeni kwa kilomita. Euro 6 ya Ulaya inaruhusu 80. Ford akiileta ST ya dizeli, alete ile ya Euro 6, asituletee ya kiwango cha chini kwa kuwa sheria yetu imelegea. Na ipimwe barabarani, siyo maabara peke yake. Kama haiwezi kuyatimiza hayo mawili, ibaki Saarlouis.


#10 Mkenya wa Perth

Heshima, mzee. Wengi wangeufuta uzi.


#11 Fundi Gerezani

Mwanangu, hayo uliyosema ndiyo mazungumzo ya karakana ambayo wateja hawapendi kuyasikia. Kila wiki ananijia mtu anataka nilitoboe chujio, nitoe matumbo yake, nirudishe ganda tupu ili gari lipate nguvu. Nakataa. Wanakwenda kwa jirani. Kiwango chochote kile Ford atakacholeta, kinaishia kwenye mkono wa fundi wa mwisho.


#12 Mtanga wa Shepparton, Oktoba 2016

Narudi na habari fupi. Focus mpya iliyofika Australia haina dizeli kabisa, hata ile ya kawaida ya kilowati 120 waliyokuwa wakiuza wameiondoa. Mazda3 XD Astina nayo imeondolewa, kaka wa Perth ulisema. Focus RS, ile yenye nguvu kuliko ST, imekuja, petroli, kilowati 257, na watu wanaifurahia. Na tarehe 7 mwezi huu Ford walifunga kiwanda cha Broadmeadows, kilomita chache kutoka ninapokaa. Nilipita siku ile nikitoka kazini. Wazee wenye Ford Falcon zao zilizotengenezwa palepale wamezipanga kando ya barabara, wengine wanalia bila kujificha. Sasa kila Ford ya hapa inakuja kwa meli, na kwa hesabu zangu hilo lingerahisisha kuchagua ya dizeli kama wangekuwa na nia. Hawana.


#13 Dada wa Dandenong, Agosti 2022

Kaka, uzi huu nimeukuta nikitafuta gari la kununua. Uliishia wapi?


#14 Mtanga wa Shepparton

Dada, umenikumbusha mbali. ST ya dizeli haikuja. Kizazi kilichofuata Ulaya walipata tena ST ya dizeli, kilowati 140. Sisi tukaletewa ya petroli ya lita 2.3, kilowati 206. Na mwaka huu Ford Australia wameiondoa Focus yote sokoni, ST ikiwemo. Volkswagen mahakama ya hapa iliwatoza faini ya dola milioni 125 mwaka 2019 kwa magari kama elfu 57 ya kashfa ile, wakakata rufaa, wakashindwa.

Bado naamini Ford walikosea mwaka 2015. Kulikuwa na dirisha la miaka miwili mitatu ambalo gari lile, la Euro 6 na kwa oda, lingewafaa watu kama mimi: wauguzi wa zamu za mbali, walimu wa shule za vijijini, mafundi wa umeme wanaozunguka wilaya nzima. Leo nisingeliomba. Mtu wa kilomita kama zangu sasa ana hybridi inayokula kidogo karibu kama dizeli bila ule moshi, na magari ya umeme yanayokupitisha lori kabla hujamaliza kufikiri.

Mimi mwenyewe nilinunua Octavia RS ya dizeli iliyotumika, ya 2015, yenye injini ya familia ya EA288 na siyo ile EA189 ya kashfa. Nililikagua chujio kabla ya kulipa. Fundi Gerezani alinielekeza kwa simu ya video nisome nini kwenye kipimo, namshukuru sana.

Pasaka iliyopita nimempeleka mama yangu Sydney, alikuja kututembelea kutoka Tanga. Tulijaza tangi lita 50 alfajiri. Albury tulisimama kunywa chai, Holbrook akataka ashuke aone ile nyambizi iliyowekwa nchi kavu katikati ya mji, akaizunguka mara mbili akiuliza ilifikaje huku bila bahari. Karibu na Goulburn kuna mlima, malori yamejipanga kushoto yanajikokota, mimi niko gia ya sita na sikubadilisha. Mama alikuwa amelala, hakuamka. Taa ya mafuta iliwaka Campbelltown. Nikasimama sheli, nikaushika mpini, na ulikuwa na mafuta kama Kivu Toowoomba alivyosema, nikapangusa mkono kwenye kanga yake kuukuu aliyoiweka nyuma ya kiti kwa kazi hiyohiyo.